Je, Hakimu Aweza Kumvua Mtu Uzazi?

Wazee wetu walisema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hilo twalitamka kwa wepesi katika karamu za ubatizo, tukacheka, tukaendelea na mazungumzo mengine. Lakini mtu akilipima vema ataona kuwa ni neno zito, maana lina swali ndani yake ambalo wengi wetu hatupendi kuulizwa. Mtu aliyezaa asilee, je, angali mzazi? Na ikiwa kwa kosa hilo amepoteza kitu, amepoteza nini hasa? Tena ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia hivyo: ukoo, Serikali, au hakimu ambaye hakumzaa mtoto yule wala hatamlea?

Hatuulizi haya kwa kupenda mabishano. Katika nchi nyingi za dunia leo hakimu aweza kuandika amri ya kukata kabisa haki za baba na mama juu ya mtoto wao kwa sababu hawakumtunza. Amri hiyo ikisha kutolewa, mama hana tena haki ya kumwona mwanawe, wala ya kumchagulia shule, wala ya kuambiwa anakaa wapi. Mtoto aweza kupewa wazazi wengine na jina jingine. Wanasheria wa Marekani wameipa amri hiyo jina la kutisha: huiita hukumu ya kifo ya kesi za madai. Nasi katika Tanzania, kama tutakavyoona, hatuko mbali na jambo hilo. Kwa hiyo yafaa tulifikiri polepole, bila kuwakasirikia wazazi na bila kuwakasirikia mahakimu.

Nyumba mbili

Tuwaze nyumba mbili katika mtaa mmoja. Katika nyumba ya kwanza anakaa mama peke yake. Mumewe alikwenda kutafuta kazi, wala hakurudi. Kila alfajiri mama huyo huenda sokoni kuuza mchicha na nyanya. Mlango ameufunga kwa nje, kwa kuwa anaogopa barabara na magari. Ndani amewaacha watoto wawili wadogo, na mwangalizi wao ni dada yao wa miaka saba, ambaye kwa sababu hiyo hakwenda shule. Wameachiwa uji katika sufuria. Jioni mama anarudi na unga kidogo na dagaa, anawasha moto, anawaogesha, anawalaza.

Katika nyumba ya pili yuko baba mwenye mshahara. Mshahara huo hauvuki kizingiti cha kilabu cha pombe. Watoto wake hulala na njaa, na mmoja ana homa siku ya nne sasa bila kupelekwa zahanati. Majirani wakimwonya hujibu: "Ni wanangu mimi, mnataka nini?"

Mgeni akipita mchana na kuchungulia dirishani, ataona jambo lile lile katika nyumba zote mbili: watoto wachafu, wenye njaa, wasio na mtu mzima wa kuwaangalia. Katika karatasi za afisa litaandikwa neno lile lile, kwamba wametelekezwa. Lakini je, ni jambo moja? Yule mama hakumtupa mtoto wake; yeye mwenyewe ametupwa, na mumewe, na ndugu za mumewe, na pengine na sisi majirani. Yule baba anacho chakula na anakinyima. Mmoja hana, mwingine hataki.

Hata hivyo tusifurahie upesi mno tofauti hiyo, maana liko jambo moja linaloichanganya. Tumbo la mtoto haliijui. Njaa ya mtoto wa maskini na njaa ya mtoto wa mlevi ni njaa moja, na moto ukiwaka katika nyumba iliyofungwa kwa nje hautauliza kama mlango ulifungwa kwa upendo. Tukimtazama mzazi twaona kesi mbili. Tukimtazama mtoto twaona kesi moja. Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa jambo hili, na mtu asemaye kuwa ni rahisi hajalifikiri bado.

Haki ya mzazi yatoka wapi

Wako watu wanaodhani kuwa mtoto ni mali ya mzazi, kama mbuzi au shamba. Mawazo hayo ni ya kale. Sheria za Roma ya zamani zilimpa baba mamlaka juu ya uhai na mauti ya watoto wake. Na wako wengine wanaodhani kuwa mtoto ni mali ya Serikali, na kwamba wazazi ni kama mayaya walioajiriwa kwa muda, wakikosea wafukuzwe kazi. Mawazo hayo mawili yafanana kuliko wenyewe wanavyodhani, maana yote mawili yanamfanya mtoto kuwa kitu cha mtu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliulizwa kama yafaa kuwabatiza watoto wa Wayahudi bila ridhaa ya wazazi wao. Akajibu kwamba haifai, kwa kuwa ni kinyume cha haki ya asili. Mtoto, alisema, kabla ya kupata akili yake, yumo katika malezi ya wazazi kama aliyemo tumboni, ingawa tumbo hili ni la roho. Tuyapime maneno hayo. Ikiwa hata faida ya mbinguni haikuwa sababu ya kutosha kumnyang'anya mzazi mtoto wake, basi kitanda kizuri zaidi, shule nzuri zaidi na maziwa kila asubuhi haviwezi kuwa sababu. Kama vingekuwa sababu, tajiri angekuwa na haki ya kuchukua watoto wa maskini wote.

Lakini mfano ule ule una upande wa pili. Tumbo kazi yake ni kulisha na kulinda. Mtoto hakuwekwa humo ili tumbo lijivunie. Vivyo hivyo haki ya mzazi ni haki ya kutimiza wajibu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inapowataja wazazi, hutaja kwanza wajibu wao mzito mno, kisha haki yao ya kwanza ya kulea. Naye Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1929 juu ya malezi ya vijana, alifundisha kwamba haki ya wazazi yaitangulia haki ya Serikali. Walakini alisema wazi kuwa si haki ya kidikteta isiyo na mpaka, na kwamba Serikali ina wajibu wa kumlinda mtoto pale wazazi wanaposhindwa, ama kwa uzembe, ama kwa kutoweza, ama kwa mwenendo mbaya.

Kabla yake, mwaka 1891, Leo XIII alikuwa amekwisha kuandika kwamba Serikali isijiingilie nyumbani mwa watu ipendavyo. Hata hivyo alitaja nyakati mbili ambapo yafaa iingie. Wakati wa kwanza ni pale jamaa inapokuwa katika dhiki kuu, isiyo na njia ya kujiokoa: hapo isaidiwe kwa mali ya wote. Wakati wa pili ni pale haki za watu wa nyumba ile zinapovunjwa vibaya na wenzao: hapo kila mmoja apewe haki yake kwa nguvu ya sheria. Twaomba wasomaji wetu waangalie vema mpango huo: kwanza msaada, kisha nguvu. Serikali inayofika mlangoni kwa mara ya kwanza ikiwa na amri ya mahakama mkononi, wala haikuwahi kufika na mkate, imeanza mwisho.

Makosa ya upande huu na makosa ya upande ule

Historia yatuonyesha kwamba katika jambo hili watu wamekosea pande zote mbili, na kila kosa lililipiwa na watoto.

Katika Uingereza alikuwako mtoto mmoja jina lake Maria Colwell. Alilelewa tangu uchanga wake na shangazi yake, yaani dada ya marehemu baba yake, akamzoea na kumpenda kama mama. Mwaka 1971 mama mzazi alimdai, na mtoto akarudishwa kwake na kwa mume wake mpya, ingawa mwenyewe alionyesha wazi kwamba hataki kwenda. Wakubwa walifuata damu. Mwezi wa Januari mwaka 1973, akiwa na miaka saba, Maria alikufa kwa kipigo cha baba wa kambo. Majirani na walimu walikuwa wamesema mara nyingi kwamba mtoto anakonda na ana alama mwilini. Uchunguzi mkubwa ulifanyika, na mwaka 1975 sheria ikabadilishwa ili faida ya mtoto mwenyewe ipewe uzito zaidi. Twasema kuwa damu ni nzito kuliko maji, na ni kweli. Lakini uzito huo wa damu ulimzamisha mtoto huyu.

Sasa tuangalie kosa la upande wa pili. Katika jimbo la New South Wales, Australia, sheria ya mwaka 1909 ilitaka bodi ya Serikali iende kwanza mbele ya hakimu na kuonyesha kwamba mtoto wa wenyeji wa asili hatunzwi, ndipo imchukue. Wakubwa wakaona kazi hiyo inachelewesha. Mwaka 1915 sheria ikabadilishwa, na bodi ikapata uwezo wa kumchukua mtoto bila kwenda mahakamani kwanza, ikiwa yenyewe imeona kuwa ni kwa faida yake. Yaliyofuata yajulikana na dunia nzima. Watoto wengi wa wenyeji walichukuliwa, katika jimbo hilo na katika mengine, na wengi hawakuwaona mama zao tena. Umaskini wao ulihesabiwa kuwa ni uzembe, na desturi zao zilihesabiwa kuwa ni kutojua kulea. Taarifa kubwa ya uchunguzi ilitolewa mwaka 1997, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akasimama Bungeni kuomba radhi.

Wala sisi Wakatoliki tusijione kuwa tumesalimika. Katika Kanada watoto wa wenyeji walitolewa kwa wazazi wao na kupelekwa katika shule za bweni za Serikali, na nyingi kati ya shule hizo ziliendeshwa na mashirika yetu. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Papa Fransisko alikwenda huko, akiwa mzee asiyeweza kutembea vizuri, ili kuomba msamaha. Waliowachukua watoto wale walijisemea kwamba wanafanya wema. Hilo ndilo la kuogopesha. Mtu anayejua kuwa anatenda ubaya huwa na mpaka. Anayedhani kuwa anatenda wema aweza kuendelea miaka mia.

Marekani nayo imesumbuka na swali hili kwa njia yake. Zamani katika jimbo la New York ilitosha ushahidi uelemee kidogo tu upande wa Serikali, kama katika kesi ya deni, na hakimu angeweza kumkatia mzazi haki zake zote. Mwaka 1982, katika kesi ya Santosky, Mahakama Kuu ya nchi ile ilisema kwamba hiyo haitoshi: ushahidi lazima uwe wazi na wa kusadikisha. Majaji watano walikubali, wanne walikataa. Mwaka mmoja kabla yake, majaji wa mahakama hiyo hiyo, watano kwa wanne, walikuwa wamekataa kusema kwamba kila mzazi maskini katika kesi ya namna hii ni lazima apewe wakili. Mama wa kesi ile alikuwa mfungwa, akajitetea mwenyewe kadiri alivyoweza. Majimbo mengi baadaye yaliweka sheria zao wenyewe za kuwapa wazazi hao mawakili, maana waliona aibu kwamba mwizi wa gari apate wakili wa bure, na mama anayenyang'anywa mtoto asipate.

Kisha mwaka 1997 ikaja sheria nyingine huko, inayosema kwamba mtoto akikaa chini ya ulinzi wa Serikali miezi 15 kati ya miezi 22 ya karibuni, Serikali ipeleke ombi la kukata haki za wazazi. Sababu yake si mbaya: watoto walikuwa wakihamishwa nyumba hata nyumba miaka na miaka, bila kurudi kwao na bila kupata kwao kwengine. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka na njia za kujizuia. Ikiwa mtoto yuko kwa jamaa yake, au ikiwa Serikali haikumpa mzazi msaada iliopaswa kumpa, ombi laweza lisipelekwe. Kwa maneno mengine, saa isianze kumhesabia mzazi makosa yake kabla ya wengine kutimiza wajibu wao.

Kwetu je?

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa mahakama imeona kuwa kuishi nao kutamletea madhara makubwa. Afisa ustawi wa jamii aweza kuiomba mahakama amri ya usimamizi, na mtoto akabaki nyumbani huku akiangaliwa. Hatari ikiwa kubwa zaidi, mahakama yaweza kutoa amri ya malezi, na mtoto akaondolewa na kuwekwa mahali pa salama. Amri hizo hazikati uzazi. Zaweza kubadilishwa au kufutwa. Linalokata ni kuasili. Kwa kawaida wazazi lazima waridhie mtoto wao aasiliwe. Lakini mahakama yaweza kuiacha ridhaa hiyo ikiwa mzazi amemtelekeza mtoto au amemtesa mfululizo. Na mtoto akiisha kuasiliwa, haki na wajibu wa wazazi wa kwanza vimekwisha mbele ya sheria.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, ambayo nchi yetu ni mojawapo iliyoyakubali, yafuata njia hiyo hiyo: mtoto asitengwe na wazazi bila ridhaa yao, ila kwa uamuzi wa wenye mamlaka unaoweza kukaguliwa na mahakama, tena kwa faida ya mtoto. Na miongozo ya Umoja huo ya mwaka 2009 imesema bila kificho kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwao.

Mtu atasema: Mambo ya kukata ni ya wageni, sisi tuna ukoo. Mkono mmoja haulei mwana. Nasi twakubali kwamba hapo wazee wetu walikuwa na hekima kubwa. Mama akiugua akili, baba akiwa mlevi, mtoto alihamia kwa bibi, au kwa mjomba, au kwa mama mkubwa. Alitoka mkeka huu akalala mkeka ule, wala hapakukatwa kitu. Hakupoteza jina lake, wala kaburi la babu yake, wala ndugu zake. Mama akipona, alimkuta mwanawe ng'ambo ya kijito tu.

Lakini tusijisifu kwa mali ambayo tunaitapanya. Katika miji mingi yetu leo bibi yuko mbali, mjomba ana chumba kimoja, na mama mkubwa anasema kuwa naye ana mizigo yake. Tena tunajua sote, ingawa hatulisemi kwa sauti, kwamba mtoto anayepelekwa mjini kwa jamaa "akasome" huweza kufika akawa mtumishi: ndiye wa kwanza kuamka, ndiye wa mwisho kula, na shule anaisikia tu. Mtoto Victoria Climbié alitoka Ivory Coast mwaka 1998, akakabidhiwa kwa shangazi wa baba yake ili akapate elimu Ulaya. Wazazi wake hawakumtupa. Walifanya kama wafanyavyo wazazi wengi wa Kiafrika, waliamini ukoo. Alikufa London tarehe 25 Februari 2000, mwenye miaka minane, kwa mateso ya shangazi huyo na mwanamume aliyekaa naye. Taarifa ya uchunguzi ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba polisi, hospitali na maofisa wa ustawi walikuwa na nafasi nyingi za kumwokoa. Basi ukoo ni kitu chema, lakini nao wahitaji macho ya watu.

Maswali manne

Je, ifanyweje? Hatuwezi kumfundisha hakimu kazi yake. Lakini kwa fikira zetu, dhamiri haiwezi kutulia mpaka maswali manne yamejibiwa.

La kwanza: ni kutoweza au ni kutotaka? Kama ni kutoweza, dawa yake ni msaada. Mama wa nyumba ya kwanza hahitaji hakimu. Ahitaji mahali pa kuwaacha watoto wake mpaka saa za mchana. Kumtoza hasara ya watoto wake kwa kuwa hana fedha ni kumwibia maskini kitu cha mwisho alichobakiwa nacho.

La pili: je, msaada ulitolewa kweli, ukakataliwa? Si neno la kuandikwa tu katika jalada. Ni nani aliyekwenda? Mara ngapi? Alichukua nini? Mlevi naye ni mgonjwa kwa namna yake, na wako waliorudi. Aonywe, apelekwe kutibiwa, asimamiwe. Apewe nafasi ya kweli ya kutubu.

La tatu: je, mtoto angali na muda wa kungoja? Hili twalisahau kwa kuwa sisi ni watu wazima. Mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 40 ni msimu uliopita. Kwa mtoto wa miaka miwili ni nusu ya maisha yake. Subira kwa mzazi ni jambo jema, lakini haifai subira hiyo ilipwe na mtoto mpaka amekwisha. Kuna toba inayokuja baada ya mtoto kuharibika, nayo Mungu ataipokea. Lakini mtoto hakupaswa kuingoja.

La nne: je, ng'ambo ya pili yuko nani? Kukata kamba ya upande huu wakati hakuna mtu wa kuishika upande ule ni kumfanya mtoto kuwa yatima kwa karatasi. Marekani wako watoto wa namna hiyo: wazazi wao wa kwanza wameondolewa na mahakama, na wazazi wa pili hawakutokea kamwe. Hao wamekatiwa bure.

Maswali hayo yakisha kujibiwa kwa haki, mbele ya hakimu anayesikiliza na mzazi aliye na mtu wa kumtetea, na ikaonekana kwamba mzazi aliweza akakataa, akasaidiwa akakataa, na mtoto anaangamia, na yuko mtu mwema wa kumpokea, basi hakimu akate wala asiogope. Kumwacha mtoto mikononi mwa mtu anayemuua polepole, kwa kisingizio cha heshima ya jamaa, si kuiheshimu jamaa bali kuitukana. Mfalme Suleimani alipoagiza upanga, yule mwanamke aliyekuwa tayari kumwachilia mtoto ili aishi ndiye aliyetambuliwa kuwa mama. Mzazi wa kweli hujulikana kwa kupenda uhai wa mtoto kuliko haki yake mwenyewe.

Anachoweza na asichoweza

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Hakimu aweza kumvua mtu mamlaka ya mzazi, kwa sababu mamlaka hayo ni amana, na amana iliyochezewa yaweza kurudishwa. Hakimu hawezi kumvua mtu uzazi wenyewe. Mama aliyekatiwa haki zake angali ndiye aliyebeba mimba ile, na deni la kupenda halikufutwa na muhuri wa mahakama. Angali awiwa sala, na toba, na kumtakia heri mtoto katika nyumba ya wengine. Pengine hilo la mwisho ndilo tendo lake la kwanza la uzazi wa kweli. Nao walezi wapya wasimfiche mtoto asili yake, wala wasimsimange mama yake mbele yake. Mtoto anayeambiwa kuwa alitoka katika takataka atajiona takataka.

Limebaki neno moja, nalo twalielekeza kwetu wenyewe. Kesi ya mtoto asiyetunzwa haianzi mahakamani. Kabla hakimu hajaisikia, imekwisha kupita mbele ya jirani aliyesikia kilio usiku akajifunika shuka. Mbele ya mwalimu aliyeona mtoto anasinzia kwa njaa akamchapa. Mbele ya ndugu aliyezima simu. Mbele ya jumuiya ndogo ndogo iliyosali rozari katika nyumba ya tatu, wala haikuuliza mbona nyumba ya kwanza mlango umefungwa kwa nje. Kila mmoja wetu alitoa hukumu yake kwa kunyamaza. Hakimu alipofika, palikuwa hapana tena cha kufanya ila kukata.

Palipo na mateso, na tuseme: kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa afisa ustawi, kwa simu ya watoto namba 116. Huko si kuchongea, ni kuokoa. Lakini palipo na ufukara tu, tusikimbilie kusema. Bibi asiye na kazi asubuhi na awapokee watoto wale wawili. Mwenye duka na akopeshe unga. Dada yao wa miaka saba na arudishwe shule. Mambo hayo hayahitaji sheria mpya wala kibali cha mtu.

Mlango ule twaupita kila siku tukienda kazini na tukienda Misa. Kesho tukipita, tupige hodi.